Goma: Mfuko ukiwa mtupu, nyumba inasimama juu ya nini?

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kwenye avenyu nyingi za Ndosho, Katoyi na Majengo, saa kumi na mbili ya jioni ni saa ambayo wamama wanaijua vizuri. Mbabula iko nje, makala yameshika moto, maji yanaanza kuchemka, na bado hakuna anayejua kama unga utapatikana. Watoto wanacheza karibu na mlango lakini macho yao yako barabarani. Wanamngoja papa. Akitokea kwenye kona hawamtazami usoni, wanatazama mikono yake.

Saa hiyo inawashinda wanaume wengi wa muji huu. Njaa wanaweza kuizoea, macho yale hawayazoei. Ndiyo maana utakuta baba amemaliza kubeba mizigo Birere saa kumi ya mchana, kisha anakaa kwa rafiki hadi saa tatu ya usiku, akingoja watoto walale ndipo aingie. Majirani watasema anakunywa. Mke atafikiri kuna mwanamke mwingine. Mara nyingi jambo lenyewe ni dogo kuliko hayo: hana kitu mkononi, na anaona haya.

Kila mtu anajua namna mambo yalivyofika hapo. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, ofisi nyingi zikafunga milango, na watu waliozoea mshahara wa mwisho wa mwezi wakajikuta kwenye soko moja na wale waliokuwa wakiishi siku kwa siku. Aliyekuwa dereva wa shirika anauza kredi ya simu kando ya barabara. Mwalimu anatembeza mandazi ambayo mke wake amekaanga usiku. Hata pesa yenyewe imechakaa: noti ya franka 500 imepita mikononi mwa watu hadi imekuwa laini kama kitambaa, na muuzaji anaikataa kwa sababu imepasuka kwenye kona. Mama anatoka nyumbani akiwa na pesa, anarudi na pesa ile ile na kikapu kitupu. Mtu asiyeishi hapa akisikia hivyo anadhani ni mzaha.

Lakini Goma haikuanza kuteseka mwaka ule. Januari 17, 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji, ukala nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege. Mei 22, 2021, mlima ukalipuka tena, na siku tano baadaye watu wakaamriwa kuondoka. Wengi walikwenda kwa mguu hadi Sake, wengine Minova, wengine wakavuka mpaka kuingia Gisenyi, kila mmoja na godoro kichwani. Nyumba nyingi za mbao zinazoonekana leo zimesimama juu ya jiwe la volkano. Juu ya jiwe hilo huwezi kupanda muhogo, hata shimo la choo ni kazi ya kulipia watu wenye nyundo. Mtu wa kijijini akikosa franka anaweza kwenda shambani na kurudi na viazi. Mtu wa Goma akikosa franka, amekosa na chakula. Maharagi, viazi na ndizi vinatoka Masisi na Rutshuru, na barabara ikifungwa asubuhi, bei inapanda kabla ya saa sita.

Kisha kuna familia zilizokimbia vita. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa kwenye kambi za pembeni ya muji: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na zingine. Mwezi wa Februari 2025 kambi zile zilivunjwa. Kuna waliorudi vijijini kuangalia kama nyumba bado ina manjanja juu. Kuna waliokuta hakuna manjanja wala nyumba, na kuna walioogopa njia. Hao wakabaki mjini, kwa ndugu, kwa rafiki wa ndugu, kwa mtu waliyejuana naye kanisani. Basi nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa ya watu saba leo inalaza watu kumi na tatu.

Ni ndani ya nyumba kama hizo ambamo neno kuridhika linasikika sana, na inapashwa kusema wazi kwamba neno hilo limeharibiwa. Anayelitumia mara nyingi ni mtu aliyekula mara mbili, akimwambia yule ambaye hajala. Bayeri anaongeza bei ya nyumba, kisha anamwambia mpangaji amshukuru Mungu kwa uzima. Mke akiuliza pesa ya jana ilikwenda wapi, anajibiwa kwamba hajui kuridhika, mbona mke wa fulani hanung'uniki. Hapo neno limekuwa kifuniko cha chungu, na ndani ya chungu kuna kitu kinachooza.

Kuna mambo ambayo hakuna mzazi anayepashwa kuridhika nayo. Mtoto aliyevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu, hataki tena kucheza, huyo ana bwaki. Mama yake asiambiwe avumilie, apelekwe kituo cha afya pamoja na mtoto siku hiyo hiyo. Maji ya ziwa yasiyotiwa dawa ni hivyo hivyo. Kolera ya 1994 wazee wa muji huu hawajaisahau, na tangu wakati ule imerudi mara nyingi. Mtu akikataa vitu hivyo kwa sauti, hata kama ni maskini wa mwisho kwenye avenyu, hajakosa shukrani.

Hata hivyo kuna jambo lingine, na hilo halizungumzwi vya kutosha. Kwenye avenyu moja utakuta nyumba mbili. Mbao ni zile zile, manjanja yanavuja sawasawa, mapato yanakaribiana. Kwenye moja, kila Jumamosi watu wanakwenda kuamua ugomvi. Kwenye nyingine, ukipita jioni unasikia wanacheka. Ukiwauliza majirani, watakuambia ni maombi, au ni tabia, au ni bahati ya kuoa vizuri. Labda. Lakini kwenye nyumba ile inayocheka kuna kitu cha kawaida sana kinachofanyika kabla ya kulala, na ni rahisi kukipita bila kukiona: pesa inahesabiwa mbele ya watu wawili.

Chukua mfano wa motari na mke wake anayeuza sambaza Kituku. Pikipiki si yake. Kila siku inapashwa apeleke pesa ya mwenye pikipiki, na siku ya mvua au siku ya risasi pesa ile haipungui. Mke anaamka kabla ya jua, anachukua sambaza kwa deni, anauza, analipa deni, kinachobaki ndicho mapato. Jioni mume anatoa za mfukoni, mke anafungua fundo la kitenge, wanaziweka zote kitandani. Hizi ni za mwenye pikipiki, zinatengwa. Hizi ni mtaji wa kesho, haziguswi hata mtoto akilia. Hizi za unga na makala. Hizi za bido mbili za maji. Hizi za likelemba. Zimeisha. Sabuni itangoja hadi Ijumaa. Mtoto mkubwa anajifanya amelala lakini anasikia yote, na kesho asubuhi hataomba sabuni.

Usiku ule hakuna aliyeongeza franka hata moja. Lakini mume hatalala akifikiri kwamba mke ameficha, na mke hatalala akifikiri kwamba nusu ya siku imebaki kwenye kanyanga. Ugomvi mwingi wa nyumba maskini unaitwa ugomvi wa pesa, lakini ukikaa na watu wale na kuwasikiliza hadi mwisho, unakuta wanagombania pesa ambayo haikuwahi kuwepo. Kila mmoja anaamini mwenzake anayo. Mwanamke ameona mume akinunua kredi ya simu, amepiga hesabu yake. Mwanamume ameona mke na kiatu kipya, hakuuliza kwamba kilikuwa zawadi ya dada yake. Hesabu mbili za uongo zinaishi chini ya manjanja yale yale, na siku moja zinakutana.

Hapa wanaume watapenda kusikia nusu tu ya jambo, kwa hiyo nusu ya pili inapashwa kusemwa kwa nguvu. Mwanamke anayeficha pesa mara nyingi ana sababu. Kuna likelemba nyingi ambazo mume hazijui kabisa. Wamama kumi wanatoa franka 2000 kila juma, kila juma mmoja wao anapokea 20 000, na zamu yake ikifika anaificha kwa jirani, ndani ya mfuko wa unga, popote, isipokuwa nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu mara ya kwanza alipoionyesha, ilikwenda kulipa deni la kasiksi, au ilichukuliwa ili shemeji aoe. Mume wa namna hiyo hawezi kusimama mbele ya watu na kulalamika kwamba mke wake si mkweli. Aanze yeye kuonyesha za kwake siku thelathini, bila kuuliza za mke, kisha atazame kama fundo la kitenge halitafunguka lenyewe.

Na kuna wanaume ambao bado wanadhani sheria iko upande wao katika jambo hili. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 ilikuwa inamtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mambo ya kisheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliiondoa ruhusa ile. Mume bado anaitwa mkuu wa nyumba kwenye sheria, lakini mama anayeuza kwenye soko la Virunga hahitaji karatasi ya mume ili aingie kwenye MUSO au aweke akiba yake. Miaka imepita tangu wakati ule, na wanawake wengi wa kartie hawajaambiwa. Wengine wameambiwa na hawathubutu kulisema nyumbani.

Turudi kwa yule baba anayengoja giza. Kwa waliokimbia vita, aibu yake ni nzito zaidi. Mtu alikuwa na ng'ombe wanne na shamba la maharagi Masisi. Watu walimwamkia njiani, walimwita akaamue kesi za mipaka. Amefika mjini na shati moja. Mke wake alipata kazi siku ya tatu: kufua nguo kwa watu wa Himbi, kubeba mizigo, kuuza nyanya kwenye beseni kichwani. Yeye hakupata. Kujenga wanataka fundi anayejulikana, moto hajui kuendesha, chukudu ni ya watu walioianza zamani na wenye kifua cha kushuka nayo mlimani. Basi anakaa. Mchana kutwa anakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba ya shemeji yake, akisikiliza redio ndogo kama watataja kijiji chake.

Mtu huyo akichukua bido na kwenda kuchota maji, vijana wa avenyu watacheka. Watasema mke amemlisha dawa. Hata wanawake watasema hivyo, na wakati mwingine mama yake mzazi ndiye atakayesema wa kwanza. Ni ujinga ambao unagharimu familia nyingi. Bido ya lita ishirini ina uzito wa kilo ishirini, na kutoka ziwani kupanda hadi kwenye kartie za juu ni njia ndefu ya mawe. Mwanamke aliyesimama sokoni tangu alfajiri anaongezewa safari hiyo kwa sababu mume mwenye mabega mazima anaogopa midomo ya vijana watatu. Kuna wanaume walioamua kutoogopa. Wanachota, wanawasha mbabula, wanamwogesha mtoto wa mwisho kabla mama hajarudi. Juma la kwanza wanachekwa, juma la tatu hakuna anayewatazama tena. Na jioni, watoto wakitazama mikono ya papa, wanaona mikono iliyokuwa inafanya kitu tangu asubuhi, hata kama haikuleta franka.

Bado kuna nyumba za kupokea wageni, na hapo ndipo jambo linakuwa gumu kweli. Kila mtu anasifu ukarimu wa Goma, na ni kweli, muji huu umefungua milango mara nyingi kuliko inavyohesabika. Lakini ukarimu ule unabebwa na mtu mmoja zaidi ya wengine, naye ni mke wa nyumba, ambaye mara nyingi hakuulizwa. Mume alirudi jioni na kaka yake, mke wa kaka na watoto wanne, akasema hawa wamefika. Je, angewafukuza? Hakuwafukuza. Akaongeza maji kwenye sombe. Miezi imepita, sombe imeendelea kuongezwa maji, na neno lolote akisema, ataitwa mwenye roho mbaya.

Mgeni naye ana shida yake. Anaona kila kijiko. Anajua kwamba kipande cha sabuni anachotumia ni cha mtu. Watoto wake wamejifunza kula haraka na kutazama chini, na hakuna kinachomuuma mzazi kama kumuona mtoto wake akila kwa woga. Asubuhi mtoto wa mwenye nyumba akigombana na mtoto wa mgeni, mgeni anampiga wa kwake bila kuuliza nani ameanza. Kumwambia mama huyo awe na furaha kwa sababu ana pa kulala ni kumtukana.

Nyumba zilizofaulu kukaa miezi mingi namna hiyo bila kuvunjika zilifanya kitu kinachoonekana kama ukosefu wa adabu. Walikaa chini wakazungumza. Wake wawili walikuwepo, si wanaume peke yao. Walisema nani analala chumba gani, nani anachota maji siku gani, nani anapika, na mgeni anatoa nini. Katika mila zetu kumuuliza mgeni atatoa nini ni aibu kubwa. Lakini mgeni wa siku tatu ni mgeni, mgeni wa mwaka ni mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba asiye na kazi yoyote ndani yake anakuwa kama mzigo hata machoni pake mwenyewe. Mama wa Rutshuru akipewa siku zake za kupika, akipika lengalenga kwa namna ya kwao, watoto wa mjini wakakunja pua kisha wakaomba tena, basi siku hiyo amepanda cheo kidogo. Mume wake akitengeneza ukuta wa mbao uliooza, hatatazama tena chini wakati wa kula. Ni vitu vidogo, na havina gharama isipokuwa ile saa moja ya mazungumzo yenye aibu.

Koko naye asisahauliwe. Kwenye nyumba nyingi za waliokimbia, koko ndiye aliyepoteza zaidi na ndiye anayesema kidogo zaidi. Amelazwa pembeni, analetewa sahani, anaambiwa apumzike. Apewe watoto jioni awasimulie kijiji: mto unaitwaje, shamba linaanzia mti gani hadi jiwe gani, nani alizikwa wapi. Watoto waliozaliwa kambini hawajui. Siku ya kurudi, kama itafika, kuna mipaka ya mashamba ambayo imebaki kichwani mwa koko peke yake.

Furaha ipo kwenye nyumba hizi, na kuikataa ni uongo pia. Ipo Jumamosi ziwani, nguo zimeanikwa juu ya mawe meusi na watoto wanaogelea hadi midomo inatetemeka. Ipo siku mtoto anaposhinda mtihani wa darasa la sita na avenyu nzima inamwagia unga kichwani, hata jirani ambaye hana unga wa kula. Ipo kwenye sinia moja ya bugali, mikono minane, na yule mdogo anayeachiwa samaki wa mwisho bila mtu kusema neno. Ipo Jumapili asubuhi, wakati mtu aliyevaa matambara juma zima anatoka ndani na kitenge kilichopigwa pasi ya makala, na jirani anamuita mama mkubwa. Hakuna kati ya hayo kilichotoka kwenye mfuko wa msaada.

Lakini furaha hiyo isitumiwe kufunika mahali pa hatari, na mahali hapo ni watoto. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, na Katiba ilikuwa imeshaandika hivyo. Sekondari inalipwa. Mtoto akimaliza darasa la sita, ndipo nyumba maskini inapopimwa, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu tayari anaweza kubeba, kuuza, kulea. Wavulana wanaanza kuchelewa kurudi. Mwanzoni analala kwa rafiki, kisha kwenye kibanda cha soko, kisha anaitwa maibobo na watu wanasahau kwamba ana jina na ana mama kilometa mbili kutoka pale. Wasichana hawaonekani barabarani, kwa hiyo hakuna anayewahesabu. Msichana anapelekwa kufanya kazi ya nyumba kwa watu ambao wazazi hawajui hata avenyu yao, au anaanza kupokea zawadi za mtu mzima, na nyumbani hakuna anayeuliza viatu vimetoka wapi kwa sababu kila mtu anaogopa jibu.

Hapo, wazazi wanaosema wameridhika wanajidanganya. Nyumba haina amani kama amani hiyo inalipwa na binti wa miaka kumi na nne. Afadhali ugomvi wa kweli juu ya pesa ya shule, mzazi akaenda kwa mkuu wa shule kuomba kulipa kidogo kidogo, akakataliwa, akarudi tena juma lijalo. Wapo wanaokubaliwa mara ya tatu. Wapo waliokubaliana na mtoto mwenyewe: mwaka huu unasoma wewe, mdogo wako anangoja, mwaka ujao tutatazama, na wakamwambia mdogo sababu mbele ya wote. Inauma. Lakini mtoto aliyeambiwa ukweli na papa yake anarudi kulala nyumbani. Anayeondoka ni yule aliyeachwa abahatishe mwenyewe kwa nini shule imesimama, akafikia jibu kwamba yeye ndiye asiyependwa.

Basi yule baba wa saa kumi na mbili. Kuna mmoja wa Mugunga, alikuwa kwenye kambi ya Bulengo na sasa anapanga chumba kimoja cha mbao, ambaye aliacha kungoja giza. Haikuwa kwa sababu alipata kazi. Mke wake alimwambia kwamba watoto hawalali. Saa zote zile anazokaa kwa rafiki akidhani wamesinzia, wako macho gizani, wanasikiliza hatua za watu njiani, na wadogo wanauliza kama papa amekufa, kwa sababu wameona baba za wengine wakitoka asubuhi bila kurudi. Siku iliyofuata alirudi mapema, mikono mitupu. Watoto walitazama mikono yake kama kawaida. Kisha yule mdogo akaishika, akaanza kumsimulia namna mbuzi wa jirani alivyokula daftari la mtu, na mama akamuita mkubwa aende kuomba moto kwa jirani, kwa sababu kulikuwa na viazi vitano vilivyobaki tangu jana.